Tendegu la Kitanda

Mwelekezi wetu aliomba fagio. Nalisema hilo mapema ili msije mkamlaumu bure. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kinaandaa mchezo kuhusu askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku kwetu, waliopelekwa Burma wakati wa vita vya pili vya dunia, na siku ya kugawana kazi alinigeukia akasema, "Baba Bahati, wewe utaleta bunduki. Chukua mpini wa fagio, upake rangi nyeusi, ufunge mkanda. Taa zenyewe ni hafifu, nani atajua?"

Nikamjibu, "Mwalimu, niachie mimi."

Shida yangu ni kusoma. Mtu mwingine akipewa kazi ya fagio huenda dukani. Mimi nilienda kusoma vile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikinyesha usiku na mchana, matope na malaria, mpaka wakafika Kalewa mwezi wa Desemba. Hapo ningeacha. Lakini kutoka kwa askari nikaingia kwenye bunduki zao, nikaangukia Lee-Enfield Namba 4, ile wazee wetu huita Mark Four, na nyuma yake nikamwona dada yake, Namba 4 (T). Moyo ukaniponyoka.

T ni ya darubini. Waingereza walikuwa wakichagua zile bunduki zilizolenga vizuri kuliko wenzake, wanazipeleka kwa Holland & Holland, kampuni ya London iliyozoea kutengenezea mabwana bunduki za kuwindia, nayo inazifunga darubini. Zilifika zaidi ya 20,000. Sasa, darubini hukaa juu, na shavu likilala kwenye kitako cha kawaida, jicho haliifikii. Wakaona bora waongeze kipande cha mbao juu ya kitako, kikafungwa kwa skrubu, mlenga shabaha aegemeze uso. Mto wa shavu! Vitani! Nikasema ama nitengeneze hiyo, ama nisitengeneze kitu.

Mchezo wenyewe hauna mlenga shabaha hata mmoja. Una wapagazi, mpishi na kasisi.

Nilianza kwa kwenda Kenyatta Avenue kumwangalia yule askari wa shaba kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita. Zile sanamu tatu zilizinduliwa mwaka 1928, kwa hivyo silaha yake ni ya vita vya kwanza na haikunifaa lolote, ila nilisimama pale nimefumba jicho moja, napima kwa kidole gumba, mpaka kanjo wawili, askari wa jiji, wakaanza kunipima na mimi. Nikaondoka. Mchoro nikaupata kwenye intaneti, nikaenda kuuchapisha kwenye saiba moja mtaani, ukatoka na maandishi pembeni yanayofanana na Kirusi. Nikadhani ndiyo lugha ya wahandisi. Nikalipa.

Kikaja kizingiti cha kwanza. Nani Nairobi hii anaweza kuingia Gikomba, asimame mbele ya fundi, aseme, "Nitengenezee bunduki"? Hata kama ni ya mbao! Kabla hujafika stejini jina lako limeshafika kituoni. Kwa hivyo nilipomwonyesha fundi ule mchoro nilisema, "Ni tendegu."

"Ni nini?"

"Tendegu. Mguu wa kitanda. Vile vya pwani, vya nguzo ndefu za kutundikia neti."

Alikuwa mzee mwenye penseli sikioni, anapiga randa bila hata kuitazama mbao. Akaugeuza mchoro huku na huku. "Urefu mita moja na sentimita kumi na tatu?"

"Kamili."

"Na huku chini mbona kumepinda?"

"Ndiyo fasheni."

"Na hiki kibonge hapa juu?"

"Cha kuegemeza shavu," nikasema, kabla akili haijafika.

Randa ikasimama. "Shavu la nani?"

"La Mama Bahati. Hupenda kukaa sakafuni akisoma."

Mzee alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyechungulia nyumba ya jirani akaona asiyopaswa kuona. "Sawa, kijana wangu," akasema. "Na yale mengine matatu?"

"Nitarudi. Nataka kuona hili kwanza."

Akaandika kitu ukutani kwa penseli.

Wacha nimpe haki yake. Bunduki ya kweli ilikuwa ya mti mgumu kama jozi. Mfuko wangu ulisema saipresi. Lakini kwenye ile saipresi mzee alipita na patasi, akapita na tupa, akapita na msasa wa aina tatu, mpaka nyusi zikawa nyeupe kwa vumbi. Pale shingoni, mkono unaposhika, alikuwa akisugua, anafumba macho, anapapasa, anasugua tena. Siku aliyonikabidhi nilitamani kweli kuwa na hicho kitanda.

Kamukunji, katikati ya makelele ya wanaogonga masufuria na masanduku ya shule, nilimwambia fundi wa chuma nataka komeo la lango. Huo haukuwa uongo mkubwa. Bolti ya Lee-Enfield ni komeo: inasukumwa mbele, mkono unashushwa, mlango umefungwa.

"Lango la wapi?"

"La zizi. Ng'ombe."

"Uko na ng'ombe Umoja?"

"Mashambani."

Akanitengenezea komeo safi, na kwa roho yake nzuri akalitoboa tundu la kufuli bila kuniongezea bei. "Ng'ombe siku hizi wanaibwa," akasema. Ningemjibu nini? Nikamshukuru.

Darubini nilijitengenezea mwenyewe jikoni usiku. Ile ya asili, Namba 32, ilibuniwa kwanza kwa ajili ya bunduki ya rashasha ya Bren, ni chuma kizito cha kazi. Yangu ilikuwa bomba la sinki, vifuniko viwili vya dawa ya meno mahali pa vile vidude vya kurekebisha shabaha, na lenzi za miwani ya mtumba. Ya Waingereza ilikuza mara tatu hivi. Yangu ilipunguza kidogo.

Ijumaa usiku nikapiga vanishi. Jumamosi asubuhi nikaifunga kwenye leso ya Mama Bahati, ile iliyoandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone", nikapanda matatu kuelekea mazoezini.

"Mzee, hiyo fimbo inalipa," konda akasema.

"Ni tendegu."

"Hata tendegu inalipa kiti."

Nikampa noti, nikangoja chenji. Tukaenda vizuri mpaka Jogoo Road, mpaka pale, na wallahi sitanii, stejini Burma, penye soko la nyama. Askari wa mchezo wetu walivuka bahari na kutembea miezi kwenye matope kufika Burma. Mimi nilifika kwa shilingi 50 na kiti cha fimbo. Nduthi ikakatiza mbele, dereva akakanyaga breki, leso ikateleza. Ukatoka mtutu. Ikafuata darubini.

Mama aliyekuwa kando yangu, amepakata karai, aliitazama bunduki, akanitazama mimi, kisha akasema polepole sana, "Yesu wa Nazareti."

Sijawahi kuona matatu ikishusha abiria haraka namna hiyo. Walitoka mlangoni, walitoka madirishani, na kuna baba mmoja mnene ambaye mpaka leo sijui alitokea wapi. Konda alikimbia na chenji yangu. Dereva alikimbia na ufunguo, lakini redio ikaendelea. Nikabaki mimi, tendegu, na muziki.

Polisi wawili wakachomoza nyuma ya kigari cha mayai na smokie. "Toka! Iweke chini! Polepole!"

Niliiweka polepole kuliko hata walivyotaka, maana vanishi ilikuwa bado haijakauka na kiganja kilikuwa kimenasa. Ilipokubali kuniachia ikatoa mlio, chwaap, na wote wawili wakalala chini pamoja na mwenye mayai.

Kituoni, afande wa kaunta alinikumbusha kwamba Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haijasahau hata bunduki bandia. Akaipiga meza. "Hii ni nini?"

Hapo ndipo ningesema mchezo wa kuigiza. Ni rahisi, ni kweli, na mwelekezi alikuwa hewani kwenye simu. Lakini kwa wiki tatu ulimi wangu ulikuwa umezoea neno moja.

"Tendegu, afande."

Akataka nambari ya aliyelitengeneza. Akampigia mzee wa Gikomba, sauti ikawekwa ya kusikika na wote. "Huyo namjua," mzee akasema kwa furaha. "Ni mguu wa kitanda. Hapo juu ni pa mke wake."

"Pa mke wake kufanya nini?"

"Kuweka shavu."

Maafande wakatazamana. Akapigiwa wa Kamukunji. "Hilo ni komeo," akasema. "Nimeliwekea na mahali pa kufuli, asitoroke."

Alimaanisha ng'ombe. Simu ikakatika kabla hajafika kwa ng'ombe.

"Kwa hivyo," afande akasema, akiandika, "ni kitanda chenye komeo na kufuli. Mke wako yuko wapi saa hii?"

Nilikuwa nimeanza kutoka jasho la kwapa mpaka kiunoni wakati sajini mmoja mzee alipopita na kikombe chake cha chai. Akasimama. Akakiweka kikombe juu ya OB, kile kitabu cha kuandikia matukio. "Mark Four," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mwenzake wa darasa. "Sisi ndiyo tuliyofunzwa nayo."

Akaipandisha begani. Shavu likaketi penyewe kwenye ule mto, na mkono wa kulia, bila yeye kuuamuru, ukapanda kutafuta bolti. Ukashika hewa. Akajaribu tena. Ukashika hewa.

"Bolti iko wapi?"

"Kushoto, afande."

"Nani amekwambia bolti ya Mark Four inakaa kushoto?"

Ndipo nikakumbuka yale maandishi ya Kirusi. Nikakumbuka na zile fulana zilizotundikwa mle saiba, na mashine yao ambayo hugeuza picha kinyume ili ikishakandwa kwenye fulana isomeke sawa. Wiki tatu nzima nilikuwa nikijenga bunduki iliyo ndani ya kioo! Bolti kushoto. Kishikio cha darubini, ambacho kwa kweli hukaa kushoto na skrubu zake mbili kubwa za kuzungushwa kwa vidole, nilikipeleka kulia.

"Na hili tundu?"

"La kufuli, afande."

Akalifikiria. "Hilo si baya."

Kufikia hapo mambo yalikuwa yamelegea. Sajini alikuwa akiwafunza vijana wake, akiwaonyesha risasi kumi zinavyoingia, klipu ya tano, halafu klipu nyingine ya tano, unasukuma kwa kidole, tap, tap. Nami, badala ya kumshukuru Mungu na kunyamaza, nikasema, "Samahani afande, si hii. Hii ya darubini haipokei klipu. Darubini imeziba pale juu. Unaziingiza moja moja."

Kituo kizima kikanyamaza. Hata aliyekuwa akilia selo alinyamaza.

"Kumbe," akasema yule wa kaunta, akichukua tena kalamu, "unajua kuipakia."

Nikarudishwa kwenye benchi kwa saa mbili nyingine.

Mwelekezi alikuja mwenyewe, na nakala ya mchezo, na waigizaji watatu waliovaa kaptula za khaki na kofia za ukingo zilizokunjwa upande mmoja. Wakaambiwa wathibitishe. Wakaigiza ukurasa mzima mbele ya kaunta, pale mpishi anapomzika rafiki yake kwenye matope, na sajini akatoka nje kidogo eti kuangalia gari. Aliporudi aliamuru niachiliwe. OB ikaandikwa: kifaa kimoja cha mbao, cha mkono wa kushoto, chenye tundu la kufuli, kimebaki kituoni. Nilitia sahihi. Leso nilirudishiwa.

"Mwalimu," nikamwambia mwelekezi tukiwa njiani, "nilitaka iwe sawasawa."

"Najua," akasema. Hakusema kingine mpaka tulipofika kwenye duka la vyombo, akaingia, akatoka na mafagio matatu.

Mchezo ulifanyika wiki iliyofuata. Taa zilikuwa hafifu. Hakuna aliyejua.

Nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja mikanda wakati simu ilipolia. Ilikuwa nambari ya Gikomba.

"Kijana wangu, walikusumbua wale?"

"Yameisha, mzee. Asante."

"Basi njoo na salio. Kitanda hakisimami kwa mguu mmoja, nimekumalizia hayo matatu. Yako hapa nje yamekauka." Nikasikia akiyagongagonga. "Na yote nimeyawekea mahali pa shavu."