Mwache alale, atalevuka

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, nyumbani Tanzania, tulikuwa wanne chumba kimoja cha hosteli. Usiku mmoja mwenzetu aliletwa amebebwa mikono na miguu. Tulimvua viatu, tukamlaza chali, tukamfunika blanketi, kisha tukafunga mlango kwa nje ili msimamizi akipita asione kitu. Kauli yetu ilikuwa moja: mwacheni alale, atalevuka. Sisi tukaenda kujibanza chumba cha jirani. Asubuhi tulimkuta amegeukia ukutani, matapishi yamekauka kwenye mto, umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni. Tukacheka, tukafua mashuka, hadithi ikaishia hapo.

Nilikuja kuelewa tulichokifanya usiku ule nikiwa tayari Marekani, nilipopata kazi ya zamu za usiku kwenye bweni la wanafunzi. Kabla ya kukabidhiwa funguo tulifundishwa habari ya pombe peke yake siku nzima. Mkufunzi alieleza kwamba mtu akishazimika, pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo aliyelazwa saa sita anaweza kuwa na hali mbaya zaidi saa saba. Ini huondoa takriban kinywaji kimoja tu, yaani kama kopo moja la bia, kwa saa. Kahawa hailiharakishi, kumwagiwa maji baridi hakusaidii. Pombe ikizidi, ubongo unasahau kuendesha pumzi, na ule mshtuko wa koo wa kujikinga unaozuia matapishi yasiingie kwenye njia ya hewa unakufa ganzi. Aliyelala chali anaweza kusongwa na matapishi yake mwenyewe bila hata kushtuka. Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi nilikuwa nauona ule mto.

Ndugu zangu wa nyumbani wakinipigia simu hupenda kusema vijana wa huku wamezidi. Ni kweli wanakunywa, na wanakunywa vibaya. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 ilizibana serikali za majimbo zipandishe umri wa kununua pombe hadi miaka 21, la sivyo zipunguziwe fedha za barabara, na kufikia 1988 zote zilikuwa zimetii. Ajali za barabarani za vijana zilipungua, na hilo silipingi. Lakini mwanafunzi anaingia chuo na miaka 18. Kwa hiyo anakunywa chumbani, mlango umefungwa, harakaharaka kabla ya kutoka kwenda kwenye sherehe, maana hajui huko mbele atapata nini. Wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza ndizo mbaya kuliko zote: mtoto hana rafiki, hana mzazi karibu, na kila mtu anaonekana ana kikombe mkononi. Naandika "anaonekana" kwa makusudi. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli, kisha wanajilazimisha kufikia kiwango ambacho hakipo. Taasisi ya serikali inayofuatilia mambo ya pombe inakadiria kuwa wanafunzi takriban 1,500 wa vyuo, wa miaka 18 hadi 24, hufa kila mwaka kwa ajali na majeraha yanayohusiana na pombe. Siji hapa kuwasifia.

Ila nyumbani tunajidanganya kwa namna yetu, na naona neno letu "mlevi" linachangia. Mlevi kwetu ni mtu mzima anayeyumba kila siku, aliyeuza shamba. Kijana anayesoma vizuri wiki nzima, halafu Ijumaa anabugia chupa nzima ya pombe kali kwa saa mbili, hatumwiti mlevi. Tunasema alizidisha kidogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu unywaji wa kupindukia kuanzia gramu 60 za pombe halisi kwa mkao mmoja, hata kama ni mara moja tu kwa mwezi. Huku Marekani wanahesabu vinywaji vitano kwa mwanamume na vinne kwa mwanamke ndani ya saa mbili hivi. Mwili haujali kwamba Jumatatu hadi Alhamisi ulikunywa maji. Na ubongo wa kijana unaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Ni kweli pia kwamba Afrika watu wazima wengi hawanywi kabisa. Hilo linatupa kiburi. Lakini miongoni mwa wanaokunywa, kunywa kwa mikupuo mikubwa ni jambo la kawaida. Serikali yetu ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, Machi 2017, na nilishangilia, kwa sababu kile kifuko kilikuwa kinaingia kwenye mfuko wa sare ya shule. Kilichobaki ni hofu. Kijana anakunywa kwa kujificha, na anapozidiwa rafiki zake nao wanamficha.

Hapo ndipo naona huku wametushinda. Vyuo vingi na majimbo mengi yana utaratibu kwamba anayeita msaada kwa mwenzake aliyezidiwa na pombe haadhibiwi kwa kunywa, hata kama naye hajafikisha umri. Usiku mmoja, kama saa nane, binti wa mwaka wa kwanza alinipigia simu kutoka ghorofa ya tatu. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, mwenzake amemlaza ubavu, goti limekunjwa ili asigeuke. Mkono mmoja ulikuwa kifuani kwa mgonjwa, mwingine umeshika simu ya kuhesabia dakika. Akaniambia, "Anapumua mara saba." Chini ya mara nane kwa dakika, au pumzi zikipishana kwa zaidi ya sekunde kumi, ni hatari ya kifo. Gari la wagonjwa alikuwa ameshaliita. Yeye mwenyewe alinuka pombe, ana miaka 18, na hakuna aliyemwandikia barua ya onyo. Sisi wanne tulikuwa wakubwa kuliko yeye na tulifunga mlango kwa ufunguo.

Mdogo wangu ameanza chuo mwaka huu huko nyumbani. Nilimweleza yote haya kwenye simu: mlaze ubavu, usimwache peke yake, hesabu pumzi, mpeleke hospitali. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kaka, tukimpeleka si majina yetu yataandikwa? Na baba akipigiwa simu?"

La chuo sikuwa na jibu la uhakika, nikamwambia mpelekeni tu. La baba nilimwambia aniachie. Nilikata simu, nikampigia mzee usiku uleule, nikaanza kwa kumsimulia habari ya hosteli yetu na ule mlango.