Mama alidhani nimeingia Freemason

Mama alipoona picha niliyoweka stetasi, mi na wasichana wenzangu wa chama chetu cha chuo tumevaa sare, tumepanga mstari, kifuani herufi za Kigiriki, alinipigia saa nane usiku za huku kuniuliza kama nimejiunga na Freemason. Nilicheka mpaka nikamwamsha mwenzangu wa chumba, ila ukweli hata mi mwaka wa kwanza niliogopa maana wanachama wana ukelele wao wa kuitana, rangi zao, na ukiuliza ndani kunafanyika nini mtu anatabasamu tu.

Ni sororiti, yaani chama cha wasichana wa chuo, na mi nazungumzia zile nne za wanawake weusi hapa Marekani. Alpha Kappa Alpha (AKA) ndo ya kwanza, ilianzia Howard University pale Washington mwaka 1908, Delta Sigma Theta ikafuata hapohapo 1913, na wale mabinti 22 walioianzisha hata miezi miwili haijaisha wakaingia barabarani kuandamana wanawake wapewe kura. Sisi wakati huo tuko chini ya Mjerumani. Zeta Phi Beta ni 1920, Sigma Gamma Rho 1922 kule Indianapolis. Kamala Harris ni AKA tangu yupo Howard, ndo maana mlikuwa mnaona wamama wa pinki na kijani kwenye kampeni zake.

Sasa faida. Wengi watakwambia urafiki, mi nakataa, nilikaa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, mwaka mmoja kabla ya kuja huku na urafiki ulikuwepo wa kutosha, nani hajui kubebana, watu wawili kitanda kimoja kisa mwenzio kakosa chumba, boom, ile hela ya mkopo wa chuo, likichelewa mnachanga hela ya ugali, mnadiskasi kwenye vimbweta mpaka usiku ili asiwepo wa kula sapu, kurudia mtihani. Huku hakuna atakayekubeba kitandani kwake semista nzima hata umwite sista mara mia.

Ila kwetu ukivua joho imeisha, linabaki grupu la WhatsApp la michango ya harusi na misiba. Huku ndo kwanza mambo yanaanza, wana matawi ya waliomaliza chuo miji mingi tu, na huko ndo nilikutana na bibi mmoja mwalimu mstaafu, aliingia mwaka 1966, ananiita "soror", yaani dada wa chama, na mi natakiwa nimwite hivyohivyo! Mtoto wa Tanga mimi, nimwite mtu wa umri wa bibi yangu kama rika langu? Nilikuwa natoa shikamoo kimoyomoyo kwanza ndo naongea. Basi akaweka CV yangu mezani, akavaa miwani, kalamu nyekundu, nusu ukurasa ukaenda. Akaniambia, umeandika ulisaidia kliniki, ulihudumia wagonjwa wangapi kwa siku, andika. Halafu akanyanyua simu akampigia mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa anasimamia manesi. Intavyu nilifanya mwenyewe jamani, lakini ile simu ningeipata wapi, namjua nani mimi huku?

Sasa niambie, dada aliyemaliza Mlimani 1985 na leo ni bosi mahali, binti wa mwaka wa tatu anampataje kama si shangazi yake?

Hela inatoka lakini, nisiwadanganye, nilipiga shifti za usiku miezi mitatu kulipia kuingia tu. Na yale mateso ya kumkaribisha mgeni, vyama vya weusi vilikubaliana 1990 kufuta utaratibu wa zamani ila kwa siri bado yapo, rafiki yangu chuo kingine alikuwa anaitwa saa tisa usiku anasimamishwa gizani hadi asubuhi wakati ana mtihani, akaacha, na alifanya vizuri. Ukiitwa usiku ukaambiwa uache simu usiende, hata wakununie.

Mama mwenyewe hajatulia, juzi kaniuliza hiyo Freemason yenu inakopesha kama kikoba? Nikamwambia haikopeshi. Akaguna, akaniuliza habari za baridi.