Tumsomeshe Mwalimu Kabla ya Kuijenga Maktaba

Shule inapopata maktaba mpya, picha zinazosambazwa huwa ni zilezile: utepe unakatwa, rafu zimejaa vitabu, wageni rasmi wamesimama mbele ya jengo lenye rangi ambayo bado inanukia. Ni nadra sana kuelezwa ni nani atakayeifungua maktaba hiyo Jumatatu asubuhi, wala amesomea nini. Kwangu mimi swali hilo ndilo lililopaswa kutangulia mengine yote. Naamini kwa dhati kwamba Tanzania inahitaji ufadhili wa shahada ya uzamili uliotengwa mahususi kwa walimu walio kazini, ambao wakihitimu watarudi shuleni kuongoza maktaba, na kwamba fedha za kuwasomesha walimu hao zitengwe kabla ya fedha za jengo jingine lolote.

Marekani ililijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1963 chama cha wakutubi wa shule cha nchi hiyo, AASL, kilianza mradi wa miaka mitano wa kujenga maktaba za mfano katika shule chache, ili walimu na viongozi wa elimu kutoka kwingine waje kujionea; fedha zake, zaidi ya dola milioni 1, zilitoka katika Wakfu wa Knapp. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya shirikisho ya elimu ya msingi na sekondari, ambayo kwa mwaka wa kwanza peke yake ilitenga dola milioni 100 za vitabu vya maktaba, vitabu vya kiada na vifaa vingine vya kufundishia. Vitabu vikamiminika shuleni, lakini watu wenye ujuzi wa kuvifanyia kazi wakawa haba. Wakfu ule ule ulipotoa fedha tena mwaka 1968, mradi wa pili haukuhusu rafu wala majengo. Ulihusu watu: kazi ya mkutubi wa shule ni ipi hasa, na vyuo vikuu vimwandae vipi. Sheria ya elimu ya juu, iliyosainiwa Novemba 1965, nayo ilikuwa imeshafungua mlango wa ufadhili wa masomo ya ukutubi.

Mlango huo haukufungwa. Mwaka 2003 taasisi ya shirikisho inayosimamia makumbusho na maktaba, IMLS, ilianza kutoa fedha za kuandaa wakutubi wa karne ya 21, na baadaye mpango huo ukapewa jina la Laura Bush, mke wa Rais George W. Bush. Jina hilo lilistahili. Mama huyu, kabla ya kuwa mke wa Rais, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Texas. Akasoma shahada ya uzamili ya ukutubi katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akahitimu mwaka 1973, akafanya kazi katika maktaba ya umma mjini Houston, kisha akarudi shule ya msingi akiwa mkutubi. Njia hiyohiyo, kutoka darasani kwenda chuoni na kurudi shuleni, ndiyo ambayo ufadhili wa namna hii huilipia. Fedha hupewa chuo kikuu, nacho huchagua kundi la walimu na kuwalipia ada; wengi wao husoma kwa njia ya mtandao huku wakiendelea kufundisha, hivyo wanachosoma jioni wanaweza kukijaribu kesho yake mbele ya wanafunzi wao.

Kwa nini awe mwalimu? Kwa sababu kazi kubwa ya maktaba ya shule ni kufundisha. Tuchukue somo la Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, katika shule yoyote ya sekondari. Mkutubi aliyewahi kushika chaki anajua somo hilo litafika wiki gani ya muhula. Anamwendea mwalimu wa Historia mapema, wanakaa pamoja na kuchagua maandiko matatu: ukurasa wa kitabu cha kiada, taarifa ya afisa wa Kijerumani iliyotafsiriwa, na simulizi mojawapo kati ya zile ambazo wanafunzi na wahadhiri wa Dar es Salaam walizikusanya kwa wazee mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanafunzi wanakaa kwa makundi, kila kundi na andiko lake, na kuandika katika daftari ni nani aliyesema maneno haya, aliyasema lini, alitaka yamfikie nani, na ni jambo gani ambalo andiko hili linalitaja ilhali jingine limelinyamazia. Kipindi cha pili anakiongoza mkutubi mwenyewe, na kazi za wanafunzi wanazisahihisha wote wawili. Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutumika Januari 2024, unatilia mkazo umahiri kuliko kukariri. Mimi sioni umahiri wa kupima habari utafundishwa wapi kama si katika kazi ya namna hii.

Katika shule zetu nyingi hali ni tofauti kabisa. Ufunguo wa maktaba anakabidhiwa mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza, ambaye ana vipindi vyake vyote, ana zamu yake, na ana madaftari ya kusahihisha. Mshika mawili moja humponyoka, na kinachomponyoka siku zote ni maktaba: itafunguliwa wakati wa mapumziko, rejesta ya kuazimisha itajazwa wiki ya kwanza ya muhula, kisha mlango utabaki umefungwa ili vitabu visipotee. Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Amepewa dhamana bila mafunzo, bila muda na bila cheo.

Vyuo vya kuwafundisha watu wa aina hii tunavyo. Makerere ilianza kuwafundisha wakutubi wa Afrika Mashariki mwaka 1963. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kinachotoa cheti na stashahada. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya uzamili katika taaluma ya habari. Tunachokikosa ni daraja la kumvusha mwalimu: ada iliyolipwa, ruhusa ya masomo yenye mshahara, na nafasi inayomngoja.

Wapo watakaosema kwamba hatuna walimu wa kutosha, tutawatoaje darasani? Hoja hii ni nzito na naiheshimu. Hata hivyo mwalimu huyu haachi kufundisha. Anafundisha madarasa yote ya shule badala ya mikondo miwili, na anawaongezea nguvu walimu wenzake. Wengine watauliza kwa nini uzamili, wakati cheti kinatosha kupanga vitabu. Kwa kupanga vitabu cheti kinatosha, nakubali. Lakini anayekwenda kumshauri mkuu wa shule kuhusu bajeti, kukaa katika kikao cha taaluma na kubadili namna Historia inavyofundishwa lazima awe na elimu na hadhi zitakazowafanya wenzake wamsikilize.

Tukianzisha ufadhili huu, tuuwekee msingi imara kuliko utashi wa kiongozi mmoja. Machi 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kuipunguza IMLS hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Wafanyakazi wakapewa likizo ya lazima na ruzuku nyingi zikasitishwa, mpaka mahakama ya shirikisho katika jimbo la Rhode Island ilipoamua Novemba mwaka huohuo kwamba hatua hizo zilikiuka sheria. Majimbo yaliyofungua kesi hiyo yalikuwa na sheria ya Bunge ya kuiegemea. Kwetu pia mpango huu uwe na fungu lake katika bajeti ya Wizara ya Elimu, na mkataba wake uandikwe kabla mwalimu hajaondoka kwenda chuoni: utaje shule atakayorudi, miaka atakayoitumikia, idadi ya vipindi atakavyopunguziwa, na kwamba mkuu wa shule hatampangia masomo mengine ili kuziba pengo.