Ukurasa wa 123, orodha ya 100 na ahadi ya vitabu 36

Mchezo wa vitabu uliozunguka sana kwenye blogu katika miaka ya 2000 ulikuwa na masharti mepesi. Chukua kitabu kilicho karibu nawe kuliko vyote, fungua ukurasa wa 123, hesabu hadi sentensi ya tano, kisha nakili sentensi tatu zinazofuata. Ukimaliza, wataje wanablogu watano nao wafanye vivyo hivyo. Toleo lililoenea mwaka 2004 lilitaka ukurasa wa 23 na sentensi moja tu.

Wanaoupinga husema huo si usomaji, ni barua ya mnyororo, ile inayomtaka kila anayeipokea aipeleke kwa wengine, iliyovishwa jalada la kitabu. Hoja yao ina uzito. Kila mtu akitaja watano, raundi ya kwanza ina watu 5, ya pili 25, ya tatu 125. Kundi la wanablogu 40 wanaofahamiana linaishiwa na watu wapya kabla ya raundi ya tatu kwisha, na tangu hapo mtu anatajwa mara tatu au nne. Anayekataa anaonekana mwenye maringo, anayekubali anajaza blogu yake maneno asiyoyafikiria.

Hata hivyo, sharti la "kilicho karibu nawe" ni zuri sana. Linamnyima mtu nafasi ya kuchagua kitabu cha kujionyesha. Kinachotokea ni kile anachokitumia kweli: kamusi, kitabu cha mapishi, riwaya iliyokunjwa kona. Na sentensi tatu zilizong'olewa katikati ya kitabu humwonyesha msomaji jinsi mwandishi anavyoandika, bila sifa za jalada la nyuma. Kasoro kubwa iko kwingine: masharti ya 2004 hayakudai jina la kitabu wala la mwandishi. Msomaji akivutiwa, hana pa kukitafutia.

Kwa vitabu vya Kiswahili masharti ya ukurasa wa 123 yanahitaji kurekebishwa. Riwaya fupi, tamthilia na diwani zetu nyingi hazifiki ukurasa wa 123, kwa hiyo ukurasa wa 23 unafaa zaidi. Katika tamthilia, sentensi ya tano huenda ikawa maelekezo ya jukwaani; hesabu maneno ya wahusika pekee. Katika utenzi, nakili ubeti mzima, maana sentensi moja huweza kupita mishororo yote minne. Riwaya ya upelelezi ina hatari yake: ukurasa wa 123 wa kitabu chenye kurasa 140 huenda ukamtaja muuaji.

Orodha ya vitabu 100, mchezo mwingine uliozunguka mtandaoni, ni jambo jingine kabisa. Hiyo iliambatana na dai kwamba BBC inaamini watu wengi wamesoma 6 tu kati yake. Unakoleza wino wa ulivyosoma, unalaza herufi za ulivyoanza bila kumaliza, kisha unatangaza jumla. BBC haikutoa dai hilo. Iliendesha kura yake ya vitabu vipendwavyo mwaka 2003, lakini orodha iliyozunguka inafanana zaidi na ile ya Siku ya Vitabu ya Uingereza iliyochapishwa katika gazeti la The Guardian mwaka 2007. Tena imehesabu vibaya: ina kazi zote za Shakespeare, halafu ina Hamlet peke yake. Hakuna humo hata kitabu kimoja cha Kiswahili. Watetezi husema imewakumbusha watu vitabu walivyoviacha njiani, na hilo ni kweli. Lakini alama ya 6 kati ya 100 haimwambii chochote msomaji aliyelelewa na vitabu vingine. Inamwacha na aibu isiyo na msingi.

Mbaya kuliko yote ni mchezo ule unaoahidi kwamba ukituma kitabu kimoja utapata 36. Unapokea majina mawili. Unamtumia kitabu wa kwanza, unampandisha wa pili, unaweka jina lako nafasi ya pili, kisha unawapelekea rafiki sita. Sita mara sita ni 36. Hesabu hiyo inaficha jambo moja: kila mshiriki anatoa kitabu kimoja tu, hivyo kwa kila anayepata 36, wapo 35 wasiopata kitu. Kufikia raundi ya 10 wanahitajika watu wapya 60,466,176, karibu sawa na watu wote wa Tanzania kwa sensa ya 2022. Upatu wa majirani una idadi maalumu na zamu, huu hauna. Wakaguzi wa Posta ya Marekani wanahesabu kuwa haramu barua za mnyororo zinazodai fedha au vitu vya thamani kwa ahadi ya faida kubwa. Isitoshe, anwani ya nyumbani kwako inabaki mikononi mwa watu usiowajua.

Wanaotamani kubadilishana vitabu wanaweza kufanya hivyo bila mnyororo: watu 12, kura moja, kila mmoja anamtumia mtu mmoja, na mwandaaji peke yake anashika anwani.