Kama Ilivyo, Lakini Imepakwa Rangi

Dalali alinipigia simu: nyumba Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, orofa mbili, bei ya kutupa, "ila inauzwa kama ilivyo." Yaani ukishalipa, usirudi. Nikenda.

Kuta nimezikuta nyeupe pe, rangi bado inanuka. Nikamuuliza, "Bwana we, kama ilivyo leo au kama ilivyokuwa wiki iliyopita?" Akacheka.

Mimi ufa haunitishi. Ufa unauona, unamwita fundi anautazama. Kinachonitisha ni saruji na rangi mpya juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Chokaa inapumua; maji yakiingia, hupata pa kutokea. Ukiiziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inakula ukuta, na vichwa vya boriti vilivyozikwa humo vinaoza kidogo kidogo. Wewe ukitazama dari unaziona boriti nzima, maana uozo uko pale macho yasipofika. Siku dari ikishuka, mtaa mzima utasema imeanguka ghafla. Ghafla ya miaka ishirini! Hata Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, iliyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, ilikuwa imo katika matengenezo.

Kwa hiyo nilikwenda na fundi wa chokaa, mzee, na msumari wake. Akapanda ngazi, akawa anachoma boriti moja moja pale zinapoingia ukutani. Ya tatu, msumari ukazama kama kwenye boflo.

Wako wanaosema muuzaji keshasema "kama ilivyo", basi dhima imemtoka. Sikubaliani nao. Sote tumesomeshwa chuo cha Kurani hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, vidole vikatoka na umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke juu watu wauone. Sasa huyu wetu wa Mkunazini ule umajimaji kaupaka rangi kabisa.

Kuna na ufa wa karatasi, na huu fundi hauoni. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Unachonunua ni jengo na haki ya kulitumia mahali pale, na ndani ya Mji Mkongwe hubomoi wala hujengi bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni nyumba ya marehemu anayoiuza mtoto mmoja, na dada zake hawajui. Au ikazuka kwamba ni wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, na wakfu hauuzwi.

Nikamwambia dalali: bei tutazungumza, rekebisho la boriti nitalibeba mimi, lakini kwanza niletee hati, na majina ya warithi wote, walioko Unguja na walioko Maskati. Akasema atanipigia jioni.

Huu mwezi wa tatu tangu siku ile. Juzi nimepita pale, ile rangi imeanza kuvimba.