McCaffrey apunguziwe mzigo mapema

Sikubaliani na mwandishi anayetaka timu ya San Francisco 49ers impe mkimbiaji wake Christian McCaffrey mpira kila wanapoweza, eti mchezaji bora hapumzishwi. Katika futiboli ya Kimarekani mkimbiaji, yaani mchezaji anayepewa mpira akimbie nao mbele, huangushwa karibu kila anaposhika mpira, tena na watu wenye kilo mia na zaidi. Hakuna mwili usiochoka.

Tazameni rekodi yake. Mwaka 2019 akiwa Carolina Panthers alikimbia na mpira mara 287 na kudaka pasi 116. Msimu uliofuata akacheza mechi 3 tu, na wa 2021 mechi 7. Mwaka 2023 aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,459 za kukimbia, 49ers wakafika Super Bowl, fainali ya ligi. 2024? Aliumia kano za visigino, kisha goti. Mechi 4, basi. Sisemi mzigo ndio sababu pekee, ila kocha anayeuona mfululizo huo na kubaki vilevile anacheza kamari na afya ya mtu.

Na msaada ulikuwepo! Jordan Mason, mkimbiaji mwenzake, alifungua msimu wa 2024 kwa yadi 147 dhidi ya New York Jets, McCaffrey akiwa nje. Mwaka uliofuata wakamwachia aende Minnesota Vikings. Hilo bado linaniuma.

Kocha Kyle Shanahan amtumie McCaffrey zaidi kwenye pasi, kule anakopata nafasi wazi. Zile yadi 2 za kugongana katikati apewe kijana mwingine, na timu ikiongoza kwa pointi nyingi robo ya mwisho, McCaffrey akae benchi.