Akina mama 40 walioangukiwa na kura ya kusubiri

Ikisambaa habari ya mtoto aliyetibiwa akiwa bado tumboni, tunamshukuru Mungu, tunamsifu daktari, yameisha. Mimi huwawaza wanawake ambao hawakutibiwa.

Chukua kasoro moja ya kuzaliwa nayo, ngiri ya kiwambo: msuli unaotenganisha kifua na tumbo unabaki na tundu, utumbo na hata ini vinapanda kifuani, mapafu yanakosa nafasi ya kukua. Tumboni mwa mama, mtoto hupata hewa kupitia kondo la mama, hana shida. Balaa huanza akikatwa kitovu. Katika hali mbaya kabisa, madaktari hupenyeza mrija mwembamba hadi ndani ya koo la mtoto na kuacha puto dogo kwenye njia ya hewa. Mapafu yake hutoa majimaji. Majimaji yakikosa pa kutokea, huyatanua mapafu. Wiki ya 34 puto hutolewa. Tundu lenyewe hushonwa baada ya kuzaliwa.

Inavutia, sivyo? Lakini mwaka 2003 timu ya Michael Harrison wa San Francisco, mwasisi wa upasuaji wa watoto walio bado tumboni, ilichapisha matokeo ya wajawazito 24 waliogawanywa kwa kura. Waliozibwa njia ya hewa, walipona 8 kati ya 11. Wasiozibwa, 10 kati ya 13. Yaani kuziba hakukuonyesha faida. Wameikosoa kazi ya mikono yao wenyewe, hadharani.

Ndipo Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake wakapima upya kwa watoto walio hatarini zaidi. Wajawazito 80, kura tena. Mwaka 2021 jibu likatoka: wenye puto, watoto 16 kati ya 40 walitoka hospitali wakiwa hai, wasio nalo, ambao mama zao walipangiwa kusubiri tu hadi kujifungua, 6 kati ya 40.

Kuna wanaoiita kura hiyo ukatili. Siwaungi mkono. Baada ya 2003, nani angeapa kwamba puto linaokoa? Nalo lina gharama: robo tatu ya waliowekewa walijifungua kabla ya wakati, na mtoto mmoja alifariki kwa sababu puto lilishindikana kutoka.

Ila uchungu wa kura hauishi kwa kuwa ilikuwa halali. Wanawake 34 waliopangiwa kusubiri walirudi nyumbani mikono mitupu. Mjamzito wa leo akielezwa faida ya puto, ile 16 hulinganishwa na 6 yao.